Chapa ya Ngamia na Chapa ya Koti: Kuuza Mtumba wa Jina Ukiwa Diff

Mtu wa Diff hahitaji kufundishwa chapa ni nini. Ngamia akitokea kichakani peke yake, mzee humtazama shingoni au pajani, akaisoma alama iliyochomwa pale, na kabla chai haijaiva ameshajua mnyama ni wa ukoo gani na habari ipelekwe kwa nani. Mpeleke ngamia huyo Kisumu uone. Mnyama ni yule yule, maziwa ni yale yale, lakini mbele ya watu wasioijua alama hiyo, chapa ni kovu tu.

Ninaanza na ngamia kwa sababu kosa ninaloliona kila mara kwa wanaouza nguo zilizovaliwa za majina makubwa, huku kwetu Wajir Kusini na hata Garissa mjini, ni kudhani kwamba jina lililoshonwa kwenye kola hujiuza lenyewe. Halijiuzi. Chapa hulipiwa na mtu anayeisoma. Basi kabla hujapanga bei, jiulize nguo uliyoishika inasomwa na nani, na mtu huyo yuko wapi.

Nililijua hili kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza katika biashara hii nilileta kutoka Nairobi mzigo wa mashati na makoti. Ndani yake mlikuwa na koti refu la rangi ya mchanga, kitambaa kimekazwa hata maji yanateleza juu yake, mkanda kiunoni, na bitana ya miraba yenye rangi ya mchanga, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Machoni pangu lilikuwa koti la baridi lililopotea njia likaja jangwani. Likakaa kwenye henga wiki sita likila vumbi. Mwishowe dereva wa lori aliyekuwa akisafiri usiku akanipa shilingi 400, nikashukuru. Siku moja nikizungumza kwa simu na binamu yangu aliyeko Minneapolis, koti lile likatajwa. Akaniambia nirudie rangi za bitana. Nikarudia. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama yule dereva bado anapita.

Lilikuwa na kila dalili ya koti la Burberry, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na Thomas Burberry mwaka 1856, ambayo kitambaa chake cha gabadini kilibuniwa 1879 ili kuzuia mvua. Makoti yake halisi, hata yakiwa yamevaliwa miaka, huuzwa Ulaya na Marekani kwa makumi ya maelfu ya shilingi zetu. Dereva hakunidanganya. Alinunua koti la baridi, nami nikamuuzia koti la baridi. Msomaji wa chapa ile hakuwa Diff, na mimi sikujua kwamba ninapaswa kumtafuta.

Mali inatoka wapi

Huku kwetu nguo za jina huingia kwa milango mitatu, na kila mlango una desturi zake.

Wa kwanza ni Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Beli moja ya mtumba kwa kawaida ina kilo 45, na anayeifungua hajui kilichomo mpaka kamba zikatwe. Zile nguo zinazong'aa kama mpya, ambazo wachuuzi huziita kamera, huchukuliwa alfajiri na watu waliosimama pale beli ikifunguliwa. Jua likipanda kinachobaki kinaelekea kwenye fagia, yaani zile zinazouzwa kwa rundo mwisho wa siku. Ushauri wangu ni huu, na najua wapo wafanyabiashara wakubwa watakaoupinga: kama lengo lako ni nguo za jina, usinunue beli nzima ukaisafirisha mpaka Diff. Utalipia nauli ya fagia kutoka Nairobi, uvuke Tana, upite Garissa, uingie barabara ya vumbi, halafu ufike na nguo ambazo hata hapa hakuna anayezitaka. Lala Nairobi usiku mmoja, uamke mapema, uchague moja moja, ulipe bei ya kamera. Nguo 30 ulizozichagua kwa macho yako zitakulipa kuliko beli iliyokuchagulia bahati.

Mlango wa pili ni sanduku la jamaa. Binamu akija likizo kutoka Columbus, London au Toronto hufika na masanduku mawili na kurudi na moja. Suruali, jaketi, mkoba na viatu huachwa nyumbani. Hizi ndizo bora kuliko zote kwa mwuzaji, kwa sababu asili yake inajulikana: aliyezinunua ana jina, duka lina jina. Kabla hajaondoka mwombe mambo mawili. La kwanza ni ruhusa. Zawadi iliyouzwa kimya kimya ikija kuonekana mtandaoni huleta ugomvi usiozimwa na bei yoyote. La pili ni risiti, au picha ya risiti kwenye simu yake. Mkoba wenye risiti na mkoba usio nayo ni mali mbili tofauti.

Mlango wa tatu ni kabati zetu wenyewe. Hapo ndipo ilipo mali kubwa ya Diff, na nitarudi huko.

Kuisoma lebo kama mzee anavyosoma paja la ngamia

Jina la mbele ni rahisi kughushi. Anza ndani. Geuza nguo, tazama mishono ya kwapa na ya pembeni. Nguo ya kampuni inayojiheshimu ina mshono ulionyooka, nyuzi hazining'inii, na kama kitambaa kina miraba au mistari, mistari hukutana kwenye mshono na mfukoni. Mghushi hubana kitambaa, kwa hiyo miraba yake hupishana. Ukiona bitana ya miraba ambayo mistari yake imevunjika katikati ya mgongo, usimtajie mteja jina.

Nguo nyingi zilizouzwa Marekani huwa na lebo ndogo ya ndani yenye herufi RN na tarakimu. Nambari hiyo hutolewa na Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani kwa kampuni inayotengeneza, kuagiza au kuuza nguo, na tume ina ukurasa wa bure wa kuitafuta. Hata kama lebo ya kola imekatwa, RN itakuonyesha ni kampuni gani iliyoiandikisha. Haithibitishi kwamba nguo ni halali, maana tarakimu nazo hunakiliwa, lakini ikikuonyesha kampuni isiyohusiana kabisa na jina la mbele, umeshapata jibu.

Suruali za jinzi za Levi's zina kipande kidogo chekundu kwenye mfuko wa nyuma. Mpaka karibu mwaka 1971 jina hilo liliandikwa lote kwa herufi kubwa, na baadaye herufi e ikawa ndogo. Suruali yenye E kubwa, kama ni ya zamani kweli na si toleo jipya la kuiga ya kale, hutafutwa na wakusanyaji duniani kote. Ukiikuta, usiikate iwe kaptula, usimpe fundi, usiiuze Diff. Fulana za Lacoste, kampuni iliyoanza 1933 na mamba wake, huwa na saizi za tarakimu kama 4 au 5, na vifungo vyake vya asili ni vya lulumizi, baridi ukivigusa mdomoni, tofauti na plastiki. Na ukiletewa mkoba wa Louis Vuitton pamoja na kadi ya kuthibitisha uhalisi, kadi hiyo ndiyo ya kukutia shaka: kampuni hiyo haitoi kadi za namna hiyo.

Kitambaa kisicho na lebo hupimwa kwa moto. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, uushike kwa kibano, uusogeze kwenye kiberiti. Pamba huungua ikanuka karatasi na kuacha majivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, ikagandamana kuwa kidonge kigumu cheusi. Uzi mmoja tu, na upande ambao mteja hatauona. Abaya iliyouzwa kwako kama hariri ikifanya kidonge, angalau wewe usiiuze kama hariri.

Kughushi si jambo la mzaha. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, na kuuza mali ghushi ni kosa la jinai hata kama hukuitengeneza. Mahali padogo kama Diff adhabu ya kwanza haitoki mahakamani: itatoka msikitini, kisimani na kwenye foleni ya unga, siku watu watakapoambiana kwamba mkoba wa fulani ulibanduka rangi. Usipokuwa na hakika, sema, "Sijui kama ni yenyewe, naiuza kama nguo nzuri." Sentensi hiyo imeniletea wateja wengi kuliko jina lolote.

Maji, jua na miba

Nguo nyingi hupoteza bei baada ya kufika kwetu, si kabla. Maji ya visima sehemu nyingi za Wajir yana chumvi. Sabuni haitoi povu, kwa hiyo mtu huongeza sabuni, haisuuziki, na nguo nyeusi ikikauka inabaki na ukungu mweupe mabegani kama imemwagiwa unga. Abaya nyeusi ya Dubai ikishapata ukungu huo huonekana kuukuu hata kama ilivaliwa mara mbili. Fua na maji ya kisima ukitaka, lakini maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya mvua au ya chupa. Lita tano zinatosha abaya moja. Ni gharama, ndiyo. Itie kwenye bei.

Kola iliyofanya utepe wa jasho huisugui kwa brashi. Paka sabuni ya mche, uiache nusu saa kivulini, kisha fikicha kwa vidole. Kwapa lenye harufu hulowekwa kwenye maji yenye siki kidogo, halafu husuuzwa. Geuza nguo ndani nje, uianike kivulini, kwa sababu jua la huku hula rangi ya bega moja likaacha lingine. Na tafadhali, usianike juu ya ua wa miba. Nimeona shati la hariri limetandazwa juu ya mathenge asubuhi, na jioni lina vishimo kumi na viwili vidogo kama lilipigwa na sindano. Kamba ya nailoni inauzwa kila duka.

Pasi ya makaa ina hatari yake: cheche moja inatosha kutoboa shifoni. Weka kanga ya pamba juu ya nguo, upige pasi juu ya kanga, na makaa yawe yameshakuwa mekundu bila moshi.

Kuhusu uunsi, ule ubani wetu wa kufukizia nguo. Sisi tunapenda nguo inukie, na mteja wetu anapenda. Lakini uunsi ukipigwa juu ya nguo yenye harufu ya unyevu wa beli hutoa harufu ya tatu ambayo kila mwanamke anaitambua, naye huanza kujiuliza unaficha nini. Fua kwanza, anika siku mbili, ndipo ufukize kidogo. Wengi pia watakuuliza kama nguo imetwaharishwa, maana wanataka kuswali nayo. Uwe na jibu la kweli.

Mambo mawili ya fundi. Lebo iliyolegea iache ilegee. Ukiishona upya kwa uzi wa rangi nyingine, mnunuzi anayejua atadhani umeihamisha kutoka nguo nyingine, na hutaweza kumthibitishia vinginevyo. Na usikate pindo la nguo ya jina ili imtoshe mteja wa kwanza aliyeonyesha hamu. Akighairi, umebaki na nguo fupi.

Diraa iliyokwisha kuonekana

Sasa turudi kabatini. Tukitaja nguo za kifahari, wengi hufikiria Paris. Mwanamke wa Diff ana nguo za kifahari zake: diraa ya harusi, ile ambayo jamaa yake wa pwani ni dera, kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, pamoja na gagulo lake lenye pindo la kung'aa na garbasari ya kuoana nayo. Seti iliyoletwa kutoka Dubai au maduka ya Isili, Nairobi, inaweza kuwa ghali kuliko mbuzi. Huvaliwa usiku mmoja. Siku hizi harusi yote inarekodiwa kwenye simu, video zinazunguka, na kufikia mchana wa kesho yake kila mtu amemwona fulani ndani ya ile ya zambarau. Hawezi kuivaa tena mbele ya watu wale wale. Inakunjwa, inaingia sandukuni, inakaa.

Hapa kanuni ya ngamia inageuka upande wa pili. Koti la Burberry linashindwa kuuzika Diff kwa sababu hakuna anayelijua. Diraa inashindwa kuuzika Diff kwa sababu kila mtu anaijua. Dawa ni moja: isafirishe. Diraa iliyochezewa Diff ni mpya Garissa, ni mpya Wajir mjini, ni mpya Hagadera, Ifo na Dagahaley. Kambi za Dadaab zilianza 1991 na kwa miaka mingi zimekuwa na masoko makubwa kuliko ya miji mingi ya kaunti zetu, tena harusi hazikomi huko. Vivyo hivyo, diraa iliyokwisha kuonekana Dagahaley ni mpya kwako. Tafuta wanawake wawili unaowaamini, mmoja Garissa karibu na Soko Mugdi, mwingine Dadaab. Wewe uwapelekee za kwenu, wao wakuletee za kwao. Kila mmoja auze za mwenzake kwa fungu linalokubaliwa mapema. Mimi hufanya moja ya tano kwa anayeuza, na sijagombana na mtu.

Seti isivunjwe. Utashawishika kuuza garbasari peke yake kwa sababu mtu ameipenda, halafu diraa na gagulo vitabaki vimeishiwa heshima. Diraa yenye shanga usiitundike kwenye henga, uzito wa shanga huvuta mabega mpaka yafike kwenye viwiko. Ilaze, uikunje na karatasi katikati. Tafuta kasoro kabla mteja hajazitafuta: alama ya hina kwenye mkono, tundu la kaa la uunsi kwenye pindo, uzi uliovutwa na pini ubavuni.

Nikupe picha ya mauzo moja. Ilikuwa siku tano kabla ya Idd. Mama mmoja mtu mzima aliingia, akaishika seti ya kijani kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Eedo, hii imevaliwa mara ngapi?" Aliniita eedo, kama tulivyozoea, shangazi na mpwa kuitana jina moja.

"Mara moja, eedo. Harusi ya Garissa, mwezi wa Rajabu. Na kabla hujauliza, tazama hapa." Nikamgeuzia ubavu wa kushoto, penye mstari mdogo uliovutwa. "Pini ilishika. Nimeiacha uione mwenyewe."

Akautazama mstari ule muda mrefu. "Mpya ni ngapi Isili?"

"Elfu tisa, juzi nimeuliza. Mimi naomba elfu nne na mia tano."

"Elfu mbili."

"Eedo, kwa elfu mbili utapata diraa bila gagulo."

Akacheka, akakaa. Tukanywa chai. Aliondoka nayo kwa shilingi 3,800. Angeuona ule mstari mwenyewe, mazungumzo yangeanzia kwenye mstari na yangeishia chini ya elfu tatu. Nilipouonyesha mimi, ulikuwa umeshahesabiwa kwenye bei ya kwanza.

Bei

Angalia nilichofanya: niliijua bei ya mpya siku ile, si ya mwaka jana. Piga simu Isili, tazama kurasa za wauzaji wa Nairobi, uliza. Bila bei ya mpya huna pa kusimama.

Halafu ujue sakafu yako, yaani bei ambayo chini yake unampa mteja pesa yako. Tuseme umechagua mashati kumi Gikomba, kila moja shilingi 350. Nauli iligawanywa ikawa 60 kwa shati, maji, sabuni na makaa 20. Umefika 430, au 4,300 kwa yote kumi. Wengi huishia hapo. Lakini katika kumi, mawili hayatauzika kwa bei ya maana, ndivyo ilivyo. Nane ndiyo yatakayorudisha zile 4,300, kwa hiyo kila moja linabeba karibu 540. Hiyo ndiyo sakafu. Anza 900, ukubali 750, na anayekuambia 500 mwambie kwa upole kwamba shati hilo linaendelea kukaa.

Fagia ishushe bei jioni, iondoke. Kamera usiishushe jioni. Wateja wa mji mdogo hujifunza haraka. Wakijua kwamba ikifika saa kumi na moja wewe hulegea, hakuna atakayekuja saa nne.

Diff kwenyewe kuna wasomaji wa lebo: walimu, wauguzi na askari waliotoka sehemu nyingine za nchi, waliokulia wakichagua nguo Gikomba na Kongowea. Wanaijua Levi's, wanamjua mamba wa Lacoste. Hao ni wateja wa mwisho wa mwezi na wa wiki ya kufunga shule, wanapotaka kurudi nyumbani wakipendeza. Kwa wanawake wa hapa tafuta sketi ndefu, blauzi za mikono mirefu zisizobana, na majoho mepesi ya kuvaa juu. Gauni fupi, hata liwe la nani, lirudishe Nairobi.

Msimu una nguvu kuliko ufundi. Mvua za Gu zikinyesha vizuri mifugo hunenepa, maziwa yanajaa, na harusi hufuata. Kiangazi cha Jilaal kikikaza watu wanaangalia maji na lishe, nawe usiwe na mzigo mkubwa mkononi. Wakati wa ukame ule wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, niliwaona wanawake wakileta diraa zao wauze kwa bei yoyote ile. Ukiwa na uwezo nyakati kama hizo, nunua kwa haki au pokea uwauzie kwa fungu lako la kawaida. Na fedha za mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini zinapoingia Wajir, usipange nguo zako mbele ya wakala anakolipia. Fedha zile ni za unga.

Simu, gari na deni

Piga picha asubuhi kabla ya saa tatu, nje, kwenye kivuli chenye mwanga, nguo imetundikwa mbele ya ukuta usio na rangi kali. Picha tano: mbele, nyuma, lebo, mshono wa ndani, na kasoro. Andika vipimo kwa sentimita, kwapa hadi kwapa na bega hadi pindo, kwa sababu saizi za Marekani, za Ulaya na za China hazisemi kitu kimoja. Koti la sufu au la mvua lipeleke kwa mwuzaji wa Nairobi mwenye wateja wanaolisoma, au umpe binamu anayerudi ughaibuni aliuze huko.

Kifurushi kifunge kwenye plastiki mara mbili, vumbi la barabara hupenya kila kitu. Kipige picha mbele ya dereva. Malipo ya M-Pesa yaamini ukiona salio lako mwenyewe limeongezeka, usiangalie ujumbe anaokuonyesha mteja kwenye simu yake. Na kwa kuwa Somalia iko hatua chache tu kutoka hapa, nasema waziwazi: anayevuka kuja kununua nguo ya kuvaa ni mteja wako, lakini wewe kuvusha mzigo wa biashara bila karatasi za forodha ni kosa, na ukikamatwa unapoteza mzigo wote.

Deni ndilo linaloua biashara hii kwa wanawake wa kwetu. Mteja ni dada wa mume, ni jirani, ni mwalimu wa mtoto, utamdaije? Mimi husema hivi: lipa mdogo mdogo, lakini nguo inakaa kwangu, imefungwa na jina lako juu, mpaka shilingi ya mwisho. Kama yuko kwenye hagbad, ule mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu, tunakubaliana kwamba siku zamu yake ikifika ndiyo siku ya kuichukua. Hakuna aliyekasirika zaidi ya wiki moja.

Sasa nenda ukafungue sanduku lako. Najua zimo mbili au tatu zilizokwisha kuonekana. Zitoe, zitazame ubavuni na kwenye pindo, zianike kivulini, na kesho asubuhi kabla jua halijakaza zipige picha umtumie eedo yako wa Garissa. Idd haisubiri.